Herufi za Ukutani Siku ya Sukari

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyetuumbia macho tumboni mwa mama zetu, gizani, kabla hatujajua kwamba kuna mwanga. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na kila aliyefuata uongofu. Sasa nieleze jinsi nilivyokaribia kurudishwa nyumbani nikiambiwa kuwa macho yangu ni mazima.

Tangu vita vya hapa kwetu vilipokwisha nilikuwa nikifundisha Qur'ani katika mtaa wa Kisenyi, katika chumba kilicho nyuma ya gereji. Ugonjwa wa sukari ulinipata mvi zikiwa zimeshaenea ndevuni. Kila ilipofika siku ya sukari nilikwenda kliniki ya serikali, nikachomwa kidole, nikapewa vidonge, nikarudi kwa wanafunzi wangu. Kisha ukaja ukungu. Nilidhani ni moshi wa gereji, nikawa nafuta miwani kutwa nzima. Kwenye mbao za wanafunzi nukta zilianza kunitoroka, ba na ta zikawa kitu kimoja. Qur'ani nimeihifadhi tangu ujana, hiyo haikunitia hofu. Hofu yangu ilikuwa zile mbao. Mwalimu asiyeona nukta atamsahihisha mtoto vipi? Na nisipofundisha, mimi na mke wangu tutaishi kwa nini?

Pale kliniki nilikuwa na rafiki, mama wa Kikongo aliyekimbia vita vya kwao, Mkristo mwenye imani yake, mshonaji wa Kyebando. Tulizoea kukaa benchi moja kwa sababu ya Kiswahili, maana Kiganda chake kilichekesha watu. Nilipomweleza habari ya ukungu, sauti yake ilibadilika.

"Baba Shehe, sema kwa nesi leo. Leo hii."

Nikasema. Nesi, binti mpole aliyebebeshwa kazi ya watu watatu, akanipanga kwenye foleni ya kusoma ukutani. Palibandikwa karatasi ya herufi, kubwa juu, ndogo chini. Macho yetu yalipimwa hivyo tu. Mashine ya kupiga picha ndani ya jicho ilikuwa katika hospitali za kulipia huko vilimani. Sisi wengine tulitegemea ile moja ya hospitali kuu, na foleni yake ilikuwa ya miezi. Kwa hiyo aliyesoma mpaka mstari wa chini hakupelekwa popote. Aliambiwa aende nyumbani.

Foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu alisoma kwa sauti. Mimi nilifundishwa kwa sikio: mwalimu anasoma, sisi tunafuata, mpaka maneno yanakaa. Sikio la namna hiyo haliombi ruhusa. Zamu yangu ilipofika nikafunika jicho moja, nikafungua kinywa, na herufi zikatoka kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, mpaka chini kabisa. Mungu ni shahidi, nilidhani ninaziona.

"Vizuri sana, Hajji! Macho ya kijana. Anayefuata!"

Nikashusha pumzi. Alhamdulillahi. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kofia yangu niliposikia sauti ya yule mama kutoka kwenye benchi.

"Nesi, ngoja! Huyu asubuhi alinikuta mlangoni akaniambia, 'Habari, bwana.' Bwana! Mimi, na gauni hili!"

Watu wakaangua kicheko. "Baba Shehe," akaendelea, "ulisoma ao ulikariri?"

Nilikasirika kidogo. "Nimesoma, mama."

"Basi soma kutoka chini kwenda juu."

Nesi akachukua kijiti, akakiweka katikati ya karatasi. "Hii ni herufi gani, Hajji?" Nikatazama. Niliona ukuta, na juu yake kitu kama uchafu. Akasogeza kijiti. "Na hii?" Kicheko kilikatika foleni nzima. Nikasema sioni.

Akanishika mkono. "Lazima upigwe picha ya ndani. Na kama una mtu wa kukusaidia, usingoje hospitali kuu."

Mtu nilikuwa naye. Binti yetu anafanya kazi za nyumbani Arabuni, akatuma pesa. Juma lilelile nikapanda kilima kwenda hospitali ya kulipia. Nilikaribishwa chai. Nikatiwa dawa ya matone iliyofanya taa zote zinichome, nikangoja huku nikimtaja Mungu kwa tasbihi. Daktari akanieleza kwamba mishipa midogo nyuma ya macho ilikuwa inavuja damu. Haiumi, akasema, ndiyo maana watu huja wakiwa wamechelewa. Jicho la kushoto lilikuwa limepoteza sehemu isiyorudi. La kulia lingeweza kuokolewa kwa leza, tukianza mara moja.

"Na ningengoja ile miezi?" nikamuuliza.

"Mzee, tumshukuru Mungu umekuja."

Nilimshukuru, na bado namshukuru. Jicho la kulia limebaki. Nikiukaribia ubao naona nukta, na watoto wamezoea pua yangu karibu na maandishi yao.

Lakini yule mama naye aliposimama mbele ya karatasi ile siku ile, alisoma nusu tu. Yeye hakuwa na mtu wa kumtumia pesa, jina lake likapelekwa hospitali kuu. Nilimwomba daktari wa kilimani ampokee bila malipo. Akanijibu kwa upole kwamba yeye ni mwajiriwa, mashine si yake. Bado hajaitwa. Juzi ameniambia kwamba sasa jirani ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano, akacheka.

Maisha yangu yote nimefundisha watu subira. Siku hizi kila tukifika kliniki namshika mkono, tunapita benchi letu, tunakwenda kugonga mlango wa nesi kuuliza tena. Nesi anatuona tukija, na anainamisha macho.

Ewe unayesoma, Mungu akuhifadhie nuru ya macho yako na ya wote uwapendao. Akikufungulia mlango mapema, akujaalie na mtu wa kuingia naye. Na wale walio bado nje, awafikie kabla ya giza. Amina.