Mto Chini ya Kiwanda

Mdogo wangu aliposhindwa kuja hata kwenye kipaimara cha mwanangu, mama alisema, "Shuka ukamwone. Mtu hasusi kwao bila sababu." Nikaziacha kabichi zangu kijijini Gare, milimani, nikapitia Lushoto, nikateremka hadi tambarare, kwenye mji unaokua kando ya barabara kuu.

Zamani palikuwa na vibanda vya vitunguu na mkonge tu. Sasa ni kuta ndefu za mabati, malori kwenye foleni, na vumbi jekundu lililoganda hata kwenye majani ya mipapai. Mdogo wangu alikuwa akiyeyusha vyuma chakavu vitengenezwe nondo. Nilimpita mlangoni kwake nikidhani ni mzee fulani.

"Dada, ni mimi. Shikamoo."

Niliitikia nikimkagua usoni. Alikohoa, akatema, akafukia haraka kwa kiatu nisione. Niliona.

Kesho yake hakuwa na zamu. Chumbani hapakukalika kwa joto, akasema twende kwenye hekalu la Wahindi, nyuma ya kiwanda, alikokuwa akichota maji ya kunywa kisimani. Lilijengwa kando ya mto na Wahindi wa zamani waliokuwa na maduka na mashamba ya mkonge. Hadi leo wajukuu zao huja kuhiji kutoka Tanga, Moshi na Dar es Salaam, waoge mtoni na kuwaombea wafu wao. Mimi ni Mlutheri. Nilivua viatu getini nikigeuka nyuma, kana kwamba mchungaji ananitazama.

Siku hiyo alikuwepo bibi mmoja tu wa Kihindi. Alikaa kwenye ngazi zinazoshuka mtoni, amepakata chungu kilichofunikwa kitambaa. Maji yalikuwa na rangi ya kutu, yakinuka kama betri iliyopasuka. Tukamwamkia.

"Marahaba," aliitikia, kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka kuliko changu. "Nilioga hapa nikiwa bibi harusi. Mume wangu aliniusia majivu yake niyamwage hapahapa. Nitamwagaje mtu kwenye uchafu huu?"

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. "Uchafu unatoka kwenye bomba la kiwanda chetu, bibi. Tukiufuata mto hadi juu ya bomba, maji ni safi."

"Nipeleke, mwanangu."

Akabeba chungu, mimi nikamshika bibi mkono. Tulifuata ukingo, miguu ikizama kwenye tope. Kila baada ya hatua chache mdogo wangu alisimama, akakumbatia chungu na kutafuta pumzi.

"Kifua hicho umekipata wapi?" bibi aliuliza.

"Kazini."

"Na wakubwa wako wanajua?"

"Wenye vifua vizima wamejaa getini, bibi, wanasubiri nafasi yangu."

Juu ya bomba maji yalifika kwenye vifundo tu, lakini yalikuwa meupe. Bibi akaingia, akanong'ona kwa lugha yake, akamwaga. Upepo ulirudisha majivu kidogo kwenye shati la mdogo wangu. Hakujikung'uta. Bibi mwenyewe ndiye aliyempangusa, kwa ncha ya mtandio wake, huku akilia.

Tuliporudi nilimwambia mdogo wangu, "Twende nyumbani."

"Nikalime wapi, dada? Shamba la baba tumeligawana mpaka limebaki vitanda vya mchicha."

Alirudi wakati wa masika, amelala juu ya magunia matupu kwenye lori la mboga. Baridi ya Gare haikumhurumia. Tulimzika kabla maharage hayajatoa maua.

Msiba ulipokwisha, jirani yetu alikuja kuniuliza kama kule chini kazi zipo, maana mwanawe anataka kushuka. Nilimweleza yote: vumbi, kifua, mto. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole tena. Kisha akauliza kama kule joto ni kali sana, ajue amfungie nguo gani.