Simu Iliyofika Bila Kusafiri

Chumba changu cha Ujiji kina dirisha moja tu, na jua likishahamia upande wa ziwa, mwanga wa maji huingia ukachezacheza darini. Chini ya mwanga huo, mezani, ililala simu niliyoiunganisha na kompyuta kwa waya, ikijifungua yenyewe, ikijiandika, ikijibonyeza. Hakuna mkono. Niliweza kuitazama hadi chai ipoe, na mara nyingi ilipoa.

Ndiyo ilikuwa kazi yangu: kuandika maagizo ya kuijaribu programu ya wasafiri wa ziwani. Abiria akishuka salama anabonyeza kitufe kimoja, NIMEFIKA, na watu wa nyumbani wanapata ujumbe. Kompyuta ilikibonyeza siku nzima, na kila mara alama ya kijani ikawaka. Abiria wa majaribio nilimwita Mama, kwa uvivu tu, na namba ya nyumbani nikaweka yangu, ingawa kutuma ujumbe bado sikuwa nimekuwasha.

Mama mwenyewe, muuza dagaa, siku moja alisimama mlangoni na ungo wake akiitazama simu inavyohangaika. Akauliza nani anaibonyeza. Nikamwambia mashine.

"Sasa hiyo mashine imefika wapi?"

Nilicheka. Nina kiburi cha watu waliosoma kidogo, sikatai. Nikamwekea programu kwenye simu yake, nikamwambia akifika Ilagala anakochukua dagaa abonyeze mara moja tu, basi.

Wiki hiyo alipanda boti alfajiri. Simu aliitia kwenye nailoni akaifunga mafundo matatu, kama kawaida yake. Simu yake ya zamani ilimezwa na maji pale mto Malagarasi unapoingia ziwani, na tangu hapo fundo halifunguliwi mpaka arudi nyumbani. Mimi nikawasha majaribio yangu, safari hii yaishie kwa kutuma ujumbe, nikalala tena kidogo. Kusi lilikuwa limeanza kuvuma, na mabati nikayasikia hadi ndotoni.

Saa nne simu yangu ikalia. "Mama: nimefika salama." Alhamdulillahi, nikasema, nikabandika maharage. Nilikuwa na furaha ya fundi aliyeona paa lake halivuji. Milima ya Kongo ilikuwa imefutika, ziwa na mbingu rangi moja, nami nikasimama dirishani nikiwaza mama yangu huko anachagua dagaa. Simu ikalia tena. Mama: nimefika salama. Halafu tena.

Mwiko ukanitoka mkononi. Hakuwa Mama. Ilikuwa ile simu ya mezani, ikinitumia salamu za mama yangu bila kupiga hata hatua moja. Nikachomoa waya. Nikampigia mama, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita.

Niliogopa, jamani. Nilishuka mwaloni, boti zinapotia nanga, na kandambili za kuogea, nikakaa mchangani kati ya dagaa walioanikwa. Wanawake waliokuwa wakiwageuza waliniambia kusi la leo la kawaida tu, nitulie. Sikutulia. Maji yalikuja yakarudi, yakaja yakarudi, hadi nikawa sijui nimekaa pale muda gani. Kila boti iliyotokea haikuwa yake.

Yake ilitokea jua likiinama. Alishuka majini, kapu kichwani, nailoni shingoni, akaniangalia miguu, akauliza kuna msiba gani. Nilimfokea. Ndiyo, nilimfokea mama yangu mbele ya watu, kwa nini hakubonyeza? Akasema alibonyeza. Kidole kililowa, nailoni ililowa, lakini si nilimwambia mara moja tu? Nilipompigia alitelezesha kidole, simu ikakataa. Akadhani napiga kumshukuru.

Mashine yangu haikuwahi kuwa na kidole, wala kulowa. Ilikuwa inaiambia programu kwa ndani kwamba imebonyezwa, na hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Baadaye tulikaa mwaloni siku nyingi, ndoo ya maji kati yetu, yeye akibonyeza juu ya nailoni, mimi nikiandika kinachokataa, mpaka kitufe kikabadilishwa.

Lakini jioni ile alitua kapu, akajifuta mikono kwa khanga, akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu.

"Haya," akasema, "sasa nimefika."

Akabonyeza. Simu yangu ikalia na maneno yale yale ya asubuhi. Niliinua macho kwanza, nikamwona anakung'uta mchanga miguuni, ndipo nikayaamini.