Aliyeniponda Vidole kwa Ajili ya Wimbo Anataka Tuwe Wakwe

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka sitini na sita, mkulima wa migomba na kahawa huku Kaisho, Kyerwa. Jina langu lifichwe, maana mtu ninayemsema tunasali kanisa moja. Nitaeleza kirefu kidogo, mnivumilie. Bila maelezo mtaniona mzee mwenye kinyongo cha kijinga.

Miaka ya themanini, vita vya Amini vimekwisha, vijana wengi wa hapa walipenda bendi za dansi. Lakini Nkwenda kulikuwa na kundi lililoshikwa na kitu kingine: roki ya Waingereza, ile inayoitwa progresivu. Si muziki wa kucheza. Wimbo mmoja unaweza kumaliza upande mzima wa kaseti, mapigo yanabadilika kila unapoanza kuyazoea, kinanda na gitaa vinajibizana kama watu wanaogombana. Kaseti ilikuwa moja tu, ya kijana mwenye duka ambaye nitamwita Byabato, si jina lake. Wote walirekodi kutoka kwake, na walikaa dukani wakiisikiliza kimya kama wako ibadani.

Kaseti hiyo ilikuwa na kovu. Kabla haijafika Nkwenda, mkanda wake ulikatika, mtu akaondoa kipande kilichokunjamana na kuunganisha ncha kwa gundi. Kwa hiyo katikati ya wimbo, muziki ulipotulia karibu kuzimika, ngoma zililipuka ghafla. Hapo wote walipiga kofi moja, paa! na kushangilia. Hawakujua kuwa ni kasoro. Kwao ndipo palipokuwa na utamu.

Mimi nilikuwa nimejifunza kinanda kanisani, na wimbo huohuo niliusikia mzima kwenye santuri ya daktari mmoja mgeni. Pale penye kovu pana kipande kirefu cha kinanda peke yake, cha polepole. Mimi na wenzangu tulipounda bendi ya kunakili nyimbo za Waingereza wale, nilikifanyia mazoezi kipande hicho mpaka marehemu mama akaniuliza kama kuna msiba.

Tulipiga Nkwenda Jumapili mchana, ndani ya ghala la kahawa, jenereta ikinguruma nje. Watu walijaa, wengine wametoka Kanoni kwa baiskeli. Byabato alikaa mbele, juu ya mizani. Mwanzoni walitupenda mno. Kuna aliyelia, kuna aliyevua shati akalirusha.

"Wamepatia kila kitu, jamani waitu!" Byabato alipiga kelele.

Tukafika penye utulivu. Nikaona mikono yote imeinuka. Paa! Kofi la ghala zima. Na ngoma hazikulipuka. Nikaanza kipande changu.

"Ngoma ziko wapi?"

"Amesahau huyo!"

"Hajasahau, anatufanya wajinga!"

"Mambo ya kanisani peleka kanisani!"

Sikuacha. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi, na niliamini kwamba wakisikia wataelewa.

Chupa ya kwanza ilimpata mpiga ngoma wetu mdomoni, akatema damu na meno. Kisha wakapanda jukwaani. Mpiga gitaa walimburuta sakafuni, mkanda wa gitaa ukiwa shingoni, mpaka macho yakamtoka. Waliotutetea, maana walikuwepo, walivunjiwa viti vichwani. Byabato alikuja kwangu akiwa na jiwe la mizani, lile la chuma la kupimia magunia. Akaubana mkono wangu wa kushoto juu ya kinanda.

"Umetuharibia wimbo wetu."

"Byabato, ndivyo ulivyo! Nisikilize kwanza..."

Akashusha jiwe. Akashusha tena. Kila alipopiga, kinanda kilipaza sauti zake zote kwa pamoja, na watu wakashangilia, kwa sababu sasa walikuwa wamepata mlipuko wao.

Vidole vyangu vitatu havijakunjuka tangu siku ile. Kesi haikufika popote. Kila shahidi alisema ghala lilikuwa na vumbi, hakuona kitu.

Sasa mwanawe na binti yangu wa mwisho wanapendana. Kwetu, posa haikamiliki mpaka baba wa kijana na baba wa binti wanywe rubisi, pombe yetu ya ndizi, kutoka kibuyu kimoja mbele ya ukoo. Ukinywa, umetangaza kuwa huna neno na mwenzako. Wiki iliyopita Byabato alikuja kwangu tuzungumze kabla ya siku hiyo.

"Mwalimu, kuhusu mkono naomba radhi. Ulikuwa ujana. Nimeujutia mkono huo miaka yote."

"Nashukuru. Na wimbo?"

"Wimbo mliuharibu."

Binti yangu akatoa simu, akautafuta wimbo ule, akaupiga wote, kipande changu kikiwemo. Byabato alisikiliza ameinamisha kichwa mpaka mwisho. Nikadhani yamekwisha.

"Hapa wameongeza," akasema. "Wa kwetu ulikuwa mtamu zaidi. Kubali tu kwamba siku ile mlitukosea, ndugu yangu, tunywe."

Binti akacheka. Mke wangu akacheka. Mimi nilitoka nje haraka, kwa sababu nilijikuta nalitazama panga lililoegemea mlangoni.

Wanakuja Jumamosi. Mke wangu ananiambia, "Baba, ni neno tu, liseme yaishe." Lakini nikisema tulikosea, nitakuwa nimekubali kwamba jiwe lile lilinistahili. Na nikinywa bila kusema, huku moyo wangu ukijua ninavyojua, nitakuwa nimeudanganya ukoo mzima. Nikikataa kibuyu, binti yangu atakosa mume anayempenda kwa ajili ya wimbo uliopigwa kabla hajazaliwa.

Nyinyi mlio na mabinti, nanyi mliowahi kupigwa kwa jambo mlilolifanya sawasawa, nisaidieni mawazo. Ninywe na mtu huyu, au nimwambie mwanangu kwamba baba yake ameshindwa?