Mwambie Avuke Mpaka

Nilipompigia mama yangu kumweleza kwamba vita vimeanza kule India anakosoma binti yangu, hakuuliza nani kamchokoza nani. Alisema, "Mwambie avuke mpaka. Avuke leo, asingoje kesho."

Siwezi kumcheka. Mama yangu ni mtu wa Lurujo, kijiji cha Koboko, pale nchi tatu zinapokutana, na kwetu mpaka ndio dawa ya vita. Serikali ya rais aliyetoka kwetu ilipoanguka nikiwa mtoto, askari wapya wakaja wakitutafuta kana kwamba sisi sote ndio tuliotawala. Mama akanibeba mgongoni akaingia nami Zaire. Kule kulipochafuka, tukahamia Sudani. Baadaye zamu ikageuka: Wakongo wakakimbilia kwetu, na Wasudani Kusini wakajaa hadi kambi ya Omugo, na baadhi yao leo ni wateja wangu wa nguo hapa mjini Arua. Vita vyote nilivyovijua vilikuwa na upande wa pili, na upande wa pili kuna shangazi, au mtu anayejua lugha yako, au angalau shamba la kulima kibarua.

"Mama," nikamwambia, "kwa hiyo mpaka ndiko makombora natoka."

Hakukawia. "Basi avuke ingine."

Binti yangu alikuwa mwaka wa tatu akisomea famasia, katika mji ulio karibu kabisa na Pakistan. Mji huo tuliuchagua pamoja, na nakumbuka tulipoangalia ramani nilifurahi kuona mpaka uko jirani. Nilijisemea kwamba likitokea la kutokea, mtoto hatakuwa na safari ndefu. Mtu wa Kampala angeona hatari pale, lakini mimi mtoto wa Koboko niliona mlango wa nyuma.

Alinipigia kwao kukiwa kumeshaingia giza. Huku kwetu jua lilikuwa bado linawaka, nami nilikuwa kwenye cherehani nikishona sare za shule. Alizungumza kwa sauti ya chini. Walikuwa wameketi sakafuni kwenye korido ya hosteli, taa zote zimezimwa kwa amri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. King'ora kikalia, nikakisikia kwenye simu katikati ya kelele za soko la Arua.

"Mama, iko kitu napita juu," akasema, na simu ikakatika.

Nikajaribu kuendelea kushona, nikajikuta nimeushona mfuko wa shati ukafungwa juu. Nikaacha.

Jirani yangu ana kibanda cha kuonyeshea mpira, na wateja wake wengi ni vijana wa kitongoji cha Onduparaka, watu ambao mpira kwao ni kitu cha kugombea hadi sauti zikauke. Niliingia nikaomba waweke habari. Walinihurumia, wakaweka. Lakini haukupita muda wakaanza kuzishabikia zile nchi mbili. Huyu kombora lake linafika mbali. Yule naye ametengeneza la kufika mbali zaidi, ndipo huyu akatengeneza jingine la kumjibu. Walibishana kama wanavyobishana kuhusu washambuliaji. Kombora moja liliporuka kwenye skrini likiacha moshi mweupe, kijana mmoja akapiga makofi.

"Wewe!" nikamgeukia. "Mtoto yangu iko chini ya hiyo kitu!"

Mwenye kibanda akazima sauti. Baadaye niliona haya, ila si sana.

Anayeniuzia vitambaa ni Mhindi, mzee aliyekaa Arua miaka mingi. Alitaka kunipoza roho. "Mama, hapana ogopa. Hii nchi iko na bomu kubwa ya nyuklia, ile pia iko na bomu kubwa. Kila mutu naogopa mwenzake. Hapana rusha." Alisema kwa upole sana, lakini kitambaa alichokuwa akinikatia alikikata upogo.

Niliwaza petroli ya magendo inayouzwa mitaani kwetu. Majirani wawili wanaochukiana wakijaza madumu ya petroli, kila mmoja upande wake wa ukuta uleule, nitakubali kwamba hakuna atakayewasha kiberiti kwa kupenda. Lakini mimi nimeishi na watu. Mtu hulewa. Mtu huona kivuli akadhani mwizi. Na uhai wa mwanangu ulikuwa umeshikiliwa na wakubwa fulani nisiowajua, wanaotakiwa wasikosee hata mara moja. Niliogopa hadi nikaharisha. Nalisema wazi, maana hao wanaosema waliogopa moyoni tu, sijui waliogopa namna gani.

Nikafunga duka nikaenda Lurujo. Nilimkuta mama shambani akipalilia muhogo, nikachukua jembe ili nisikae bure. Simu ikalia tukiwa palepale.

"Mama, wengine naondoka," binti yangu akasema. "Lakini stesheni imejaa, watu nakanyagana. Chuo nasema tukae ndani. Mimi nikae ama niondoke? Wewe na bibi mnajua kukimbia. Niambieni."

Nikampa mama simu. Nani mwingine angejua? Huyu ndiye aliyetuvusha mipaka gizani, akiwa na sufuria kichwani na mimi mgongoni, na hakuna mara hata moja aliyokosea njia. Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Hiyo risasi yao," akauliza, "nafika mpaka wapi?"

"Inafika kila mahali, bibi. Nchi yote."

Mama akanirudishia simu, akaketi chini kwenye udongo. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akikosa pa kuelekea. Hofu ya siku zile zote ilikuwa mchezo, kumbe. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Kaa," nikamwambia binti yangu.

Kukaa! Katika ukoo wetu neno hilo halijawahi kumwokoa mtu. "Kaa ndani, kaa mbali na dirisha, usitoke hata ukiitwa." Alisema sawa, Mama, kama mtoto niliyemtuma maji. Kisha simu yake ikazima, na haikupatikana siku hiyo, wala siku iliyofuata. Kila nilipofumba macho niliona lile jengo la hosteli likiinama. Likianguka, mimi ndiye niliyemwambia akae chini yake. Mama alipika, sikula, na yeye ambaye hunigombeza kwa kijiko kimoja nilichobakisha hakunigombeza.

Tulikuwa tena shambani jirani wa mama alipotuletea habari za redioni kwamba wale wawili wamekubaliana kuacha. Sikumwamini mpaka simu ilipolia. Binti yangu alikuwa anacheka. Taa zimewaka, chaji ipo, wenzake wanacheza muziki kwenye korido. Nililia kwa sauti bila aibu. Mama akapiga kigelegele kimoja, akainama akaendelea kupalilia.

"Sasa hayo mabomu wataharibu?" nikauliza, mjinga mimi.

"Mama! Sasa ndio wataongeza. Wote wawili nasema walishinda." Akacheka tena, kisha akaendelea kwa sauti ya mtu anayejibu mtihani. "Mwalimu wetu alisema, ile kubwa wakirushiana, hata nyinyi huko Koboko hamtapona. Moshi itafunika jua, mvua itapotea, shamba ya dunia yote itakufa."

Nilitazama muhogo wa mama, mistari yake imenyooka hadi kwenye miti, majani bado yana maji ya mvua ya asubuhi.

"Mtoto nasema nini?" mama akauliza, mgongo wake ukiwa kwangu.

"Yeye nakusalimia."

"Mwambie asiwe na wasiwasi," mama akasema, akiendelea na jembe lake. "Sisi huku iko salama."