Hatua Mbili za Minyaa

Kwa kutubu mimi nilikuwa bingwa. Siyo bingwa wa kata, bingwa kabisa. Nikisimama kanisani kwetu hapa Issuna kutoa ushuhuda, watu walikuwa wanatoka mpaka Ikungi kwa bodaboda, na wengine hata siyo wa dini yetu, wanajazana madirishani. Nilikuwa nalia mpaka unaweza kunawa mikono kwa machozi yangu. Mbwa walikuwa wanaacha kubweka wanisikilize.

Ushuhuda wangu mkubwa ulikuwa wa basi. Nilisema zamani, kabla Yesu hajanikamata, nilikuwa jambazi, tukateka basi porini kule Itigi, mimi niko mbele na panga refu kama mlingoti wa bendera. Mwaka wa kwanza tulikuwa majambazi watatu. Mwaka wa pili tukawa kumi na mabasi yakawa mawili. Mwaka wa tatu nikaongeza treni.

Itigi yenyewe nimefika mara moja, kupeleka kuku, nikarudi na homa. Ujambazi wangu wote ni jogoo wa mjomba niliyemla nikiwa kijana, na huyo jogoo alikuwa ameshakufa mwenyewe.

Lakini watu walipenda. Mzee wa kanisa anayepanga zamu za ushuhuda alikuwa ananiweka mwisho kila mara, maana ningetangulia, watu wangeondoka. Kuna mtu alinirekodi na simu, basi langu likazunguka kwenye magrupu mpaka Singida mjini.

Sasa dhambi yangu ya kweli ilikuwa ndogo, unaweza kuipima kwa miguu. Hatua mbili.

Kaka yangu alifariki akamwacha mke na shamba linalopakana na langu. Mwaka wake wa mwisho alikuwa amepanda minyaa pale mpakani, ikawa bado michanga, kimo cha goti. Minyaa ndiyo mpaka wa huku. Unachomeka kijiti, mvua ikinyesha kimeshika, baada ya misimu kadhaa hakuna anayebisha. Hapo Shetani akapajua kwangu. Siku ya mnada, kijiji kizima kimehamia mnadani, mimi nikabaki nasema mgongo unaniuma. Nikang'oa minyaa ya kaka yangu mstari mzima, nikaichomeka hatua mbili ndani kwa shemeji. Na hatua zangu mnazijua, nikitembea haraka navuka wilaya.

Asiyeijua minyaa asicheze nayo. Ukiivunja inatoa utomvu mweupe kama maziwa. Jua lilikuwa linachemsha maji kwenye mtungi, jasho likanitoka, nikajifuta na mkono uleule. Ndugu yangu! Lile yowe nililopiga, ng'ombe wa Manyoni waliacha kula. Nikagaagaa nikijua nimeshaingia jehanamu, tena bila kupita mapokezi.

Aliyekuja kuniokoa ni nani? Shemeji mwenyewe. Alikuwa hajaenda mnadani.

"Shemeji! Umepatwa na nini?"

"Swila! Swila amenitemea machoni!"

"Yuko wapi?"

"Amekimbia! Mrefu kama kamba ya kisima!"

Alinishika mkono akanipeleka kwake, akamkamua mbuzi, akaniosha macho na maziwa yenye joto, taratibu, huku akinipulizia kama mtoto. Maziwa yale yalikuwa ya uji wa wajukuu wake. Aliniosha siku tatu. Na Jumapili, jicho moja likiwa limevimba kama boga, mimi mtu mzima nikasimama mbele ya madhabahu nikatoa ushuhuda wa swila, jinsi nilivyomkemea kwa jina la Yesu akapasuka vipande saba. Kanisa likalipuka haleluya. Shemeji alikaa kwenye benchi la akina mama, akinitazama. Jicho langu zima lilimwona.

Misimu miwili nikavuna alizeti pale. Vichwa vyake kama tairi za trekta, nisiseme uongo. Lakini nikifumba macho kusali naona minyaa. Nikila nakula minyaa. Kila nilivyozidi kusikia zile hatua mbili, ndivyo nilivyozidi kuliongezea lile basi abiria. Nilikuwa natubu basi ili nisitubu minyaa. Hebu niambieni, kuna mwizi gani mwenye akili kama hizo?

Halafu ikatangazwa kwamba wapimaji wa hati za kimila wanakuja Jumatatu. Jirani na jirani wanasimama mpakani, wanakubaliana, wanapima, inaandikwa. Ikishaandikwa, imekuwa. Shemeji akaja kwangu Ijumaa.

"Shemeji, binti yangu anarudi, nataka nimpe upande huu wa kwako ajenge. Ila naona shamba limepungua. Au ni uzee?"

Nikamwambia tutaangalia. Nilishindwa kumtazama. Jicho likaanza kuwasha, na lilikuwa limepona zamani.

Jumamosi nikamfuata yule mzee wa kanisa, nikamweleza yote. Akavuta kiti karibu.

"Mwenzangu, mambo ya mipaka mtamalizana kwenye ukoo. Kesho tuna wageni kutoka mjini. Wanataka basi."

"Basi halipo, mzee."

"Limeenda wapi?"

"Halikuwahi kuwepo."

Akafikiri. "Basi litaje kidogo tu."

Nikaenda kanisani nimekasirika kama nyuki wa Itigi. Zamu yangu ilipofika nikasimama.

"Bwana Yesu asifiwe! Ndugu zangu, mimi sijawahi kuteka basi. Hata baiskeli sijateka."

Wakacheka, wakajua ndiyo naanza. Nikasema minyaa. Nikasema hatua mbili, shamba la marehemu kaka yangu, siku ya mnada. Kicheko kikakauka. Hata haleluya moja sikupata. Watu waliopanda bodaboda kuja kusikia majambazi walinitazama kama nimewauzia kuku mgonjwa.

Yule mzee akanivuta koti. "Kaa chini, unatuharibia mkutano."

"Sikai! Miaka mitatu nasema uongo mnanipigia makofi, leo nasema kweli mnataka nikae? Sikai! Niondoeni na hii sakafu!"

Ndipo shemeji akasimama kwenye benchi la akina mama.

"Mwacheni amalize. Bado hajafika kwa swila."

Kanisa zima likageuka. Mimi nikamgeukia. "Shemeji, ulijua?"

"Shati lako lilikuwa limejaa utomvu, minyaa inakuning'inia mpaka kwenye nywele. Swila gani analima?"

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Na usingesema leo, kesho ningesema mimi mbele ya wapimaji. Sasa sikiliza. Asubuhi na mapema uje na jembe. Mbuzi amekauka, kwa hiyo usijifute usoni."

Jumatatu nikaenda. Alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, kanga imefungwa kiunoni, kama hakimu. Nikang'oa, nikapanda, nikang'oa, nikapanda. Na niwaambie ukweli, maana nimeuzoea sasa: nilirudisha hatua moja na nusu, mkono ukagoma. Hapo hapo! Mtu aliyetubu mbele ya wageni jana yake! Shetani akaninong'oneza kwamba nusu hatua ni upana wa kitanda tu.

"Shemeji," akaita kutoka kigodani, "mguu wako mmoja umekuwa mfupi?"

Nikaisukuma ile nusu kwa hasira. Wapimaji walipokuja, tukasimama pale kwenye minyaa iliyonyauka, wakauliza ni hapa, tukasema ni hapa. Ikaandikwa.

Kanisani walinitoa kwenye zamu. Nakaa benchi la nyuma, naimba kuliko kwaya nzima, mpaka upepo unageuza njia. Hawajaniomba tena ushuhuda, na wakiniomba nitawapa uleule wa minyaa, wapende wasipende.

Ila wakati wa kulima ukifika, jembe bado linavutwa upande ule. Kila mwaka. Nalijua, linaanza kwa kuwasha jichoni. Binti ya shemeji ameshajenga, akiniona napinda ananipigia kelele, "Baba mdogo, swila huyo!" Nami nasimama hapohapo mpakani, najibu kwa sauti Shetani asikie huko aliko: sisogezi! Hata kidole! Njoo peke yako, njoo na wenzako kumi, njoo na mabasi mawili. Njoo na treni.