Usingizi wa Ng'ambo

Wiki iliyopita, katika ofisi ya serikali hapa Mtwara, nilikaa benchi moja na mkulima wa Mahurunga. Alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wanaotawala Wareno, akazikimbia kazi za kulazimishwa. Sasa alikuja kuomba uraia, asije akarudishwa huko.

"Mzee, sheria inataka uwe umeishi nchini miaka mitano mfululizo," karani alisema.

"Ninayo kumi na mmoja, bwana. Mikorosho yangu inazaa."

"Umewahi kulala nje ya nchi?"

"Hata siku moja."

Karani akachovya kalamu. Mzee, kwa uungwana tu, akaongeza: "Labda dunguni, ninapolinda mpunga usiliwe na nguruwe. Shamba lilikuwa huku, mto ukahama mwaka ule wa mafuriko."

Kalamu ikasimama. "Kwa hiyo shamba liko ng'ambo?"

"Shamba liko palepale, bwana. Mto ndio uliokwenda."

Benchi zima tulicheka, karani naye. Kisha akakata mstari kwenye fomu, polepole, kama mtu aliyechoka kukata. "Miaka yako itaanza upya tangu ulipolala huko mara ya mwisho. Lini?"

"Juzi."

Karani hakuwa mtu mbaya. Fomu yake ina nafasi ya mtu aliyehama, haina nafasi ya mto.

"Nisipolala kule, wanangu watakula nini?" mzee aliuliza.

Alivaa kofia, akatuaga mmoja mmoja, akatoka kwa haraka. Mpunga ulikuwa umeanza kuiva.