Bei ya Maumivu ya Dasuki

Kwa miaka hamsini Dasuki aliuza masufuria na mabirika ya shaba sokoni Kairo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akitaja bei ya kweli mara ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu. Mnunuzi alitaja kidogo, muuzaji akashika kichwa, chai ikaletwa, wakaulizana hali za watoto. Siku hizi bei hubandikwa kwenye chombo kama mhuri kwenye paja la ng'ombe, na watu hununua bila hata salamu.

Saratani ya kongosho ilimkamata akiwa na miaka sabini na mmoja. Maumivu yalianzia chembe cha moyo yakatokea mgongoni. Hata mofini haikufua dafu. Alilala amepiga magoti, ameukumbatia mto, na chakula alikitazama tu. Yeye na mkewe wakaelekezwa kwa Daktari Mirvat, ambaye hupitisha sindano ndefu mgongoni na kuliua fundo la mishipa ya fahamu linalopeleka habari za tumbo kwenye ubongo. Alhamisi ilibaki nafasi moja.

"Ami Dasuki," akauliza daktari, "kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?"

Namba! Hapo Dasuki akajiona yuko nyumbani. Yeye ndiye aitakaye sindano, kwa hiyo yeye ndiye mnunuzi, na mnunuzi huanza chini. Ataje mbili, daktari aruke na tisa, wakutane saba.

"Mbili," akasema, akitazama dari kama mtu asiye na haja.

Daktari akaandika mbili. "Alhamdulillahi. Basi sindano huihitaji kwa sasa. Endelea na dawa."

Hakushika kichwa. Hakuapa. Dasuki akainuka, akaelekea mlangoni polepole, sikio nyuma, akingoja kuitwa. Akasimama kufunga kifungo kilichokwisha kufungwa. Aliyeitwa ni mgonjwa mwingine.

Nje, kwenye ujia, maumivu yakampiga, akaanguka magoti mbele za watu.

"Umemwambia ngapi?" akauliza mkewe, Inshirahi.

"Mbili."

"Mbili! Baba Fathi, unanunua birika?"

"Hajui kazi yule! Amechukua neno la kwanza!"

Inshirahi akaingia bila kubisha hodi. "Mwanangu, huyu ni mtu wa soko. Ilibidi umkatalie."

Daktari akacheka, kisha akamwona mzee pale sakafuni, jasho likimtiririka, kicheko kikamkauka. Akatoka, akachuchumaa mbele yake.

"Mbili siitaki, Ami. Unanitania. Kumi."

Macho ya Dasuki yakang'aa. "Kumi! Binti, unataka kunizika? Nne."

"Kwa nne hata sindano siichomoi kwenye karatasi."

"Sita, basi, kwa heshima ya baba yako."

"Baba yangu humjui. Tisa, na watu wananingoja."

"Tisa," akasema Dasuki, na sauti ikamkatika. "Na wallahi, nimekupunguzia."

Akaandikiwa Alhamisi.

Siku hiyo, amelazwa kifudifudi chini ya mashine ya picha, akasikia kwamba kinachoua mishipa ile ni alkoholi.

"Miaka sabini sijaonja tone, leo mnaninywesha kupitia mgongoni?"

"Hii hailevyi, Ami."

"Walevi wote husema hivyo."

Moto ukamwenea kiunoni, akaapa kwa kila walii anayemjua. Kisha maumivu yakaanza kuondoka, shingo upande, kama mgeni aliyezoea kulala bure.

Siku mbili tumbo lilimwendesha, na kila aliposimama alipata kizunguzungu, kama alivyoonywa. Siku ya tatu aliamka na njaa.

"Mlenda na sungura!" akafoka kutoka chumbani.

"Leo ni supu tu," akajibu Inshirahi. "Daktari kasema."

"Mke gani anamnyima mumewe sungura? Kwa nini nilikuoa?"

Alifoka mpaka vyombo vikatetemeka kabatini. Majirani, ambao kwa miezi mitatu walisikia kuugulia tu kupitia ukutani, wakapanda ngazi mmoja mmoja kumpongeza mkewe.